Feni ya Hita Katika Motakaa, na Jinsi ya Kuitengeneza Nyumbani

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za chombo kidogo kilichofichwa nyuma ya dashibodi ya motakaa, ambacho watu wengi hawakijui mpaka siku kinapokataa kufanya kazi. Chombo hicho ni mota ya umeme izungushayo feni ya hita. Mafundi wa gereji huiita blowa. Huenda msomaji akatuuliza, "Sisi tukaao katika nchi ya jua tuna haja gani na hita?" Swali hilo lina haki yake kwa mtu akaaye Tanga au Mombasa, lakini mtu wa Limuru, wa Nyahururu, wa Njombe au wa Makete hataliuliza, maana kwake yeye Juni na Julai ni miezi ya baridi kali, na katika uwanda wa Kitulo majani huamka yamefunikwa na sakitu. Tena hata mtu wa pwani, kama motakaa yake ina kiyoyozi, baridi ile aipendayo huletwa na feni hii hii moja. Feni ikifa, hapati joto wala baridi.

Lakini joto na baridi ni mambo ya raha, na mtu aweza kuyavumilia. Liko jambo lisilovumilika. Dereva apakiaye kabichi na viazi kule Kinangop huondoka usiku ili awahi soko la Nairobi. Akifika Kimende ukungu umetanda barabarani, na ndani ya motakaa wamo watu watatu au wanne wanaopumua huku madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Pumzi ya mtu ina mvuke wa maji. Mvuke huo ukigusa kioo kilichopozwa na hewa ya nje hugeuka kuwa matone madogo mno, kama vile bilauri ya maji ya baridi inavyotoa jasho mezani. Mara kioo cha mbele huwa cheupe, na taa za lori lijalo huonekana kama donge la mwanga lisilojulikana liko upande gani wa barabara. Dereva hupangusa kwa kiganja. Baada ya dakika moja kioo kimeziba tena, na safari hii kimepakwa mafuta ya mkono wake, nayo huzidisha mng'ao wa taa. Dawa ya jambo hili ni hewa kavu yenye joto ipulizwayo juu ya kioo, na pasipo feni hewa hiyo haifiki. Kwa dereva huyu blowa iko katika daraja moja na taa na breki.

Sasa, joto lenyewe latoka wapi? Maji yanayozunguka katika injini ili kuipoza hupata joto la kadiri ya digrii 80 mpaka 90 za Selsiasi, na mengi ya joto hilo hutupwa nje na rejeta iliyo mbele ya motakaa. Sehemu ya maji hayo huletwa kwa mipira miwili hata ndani ya dashibodi, ambako iko rejeta nyingine ndogo. Feni huvuta hewa na kuipitisha katika rejeta hiyo ndogo, nayo hutoka upande wa pili ikiwa moto. Hivyo joto la hita ni bure. Lingepotea hata kama lisingetumika. Zamani abiria wa motakaa katika nchi za baridi walijifunika mablanketi, na wengine waliweka chini ya miguu matofali yaliyopashwa moto jikoni. Mwaka 1938 kampuni ya Nash, ya mji wa Kenosha katika Marekani, ilitoa motakaa yenye mtambo uliovuta hewa ya nje, ukaipasha joto kwa maji ya injini, kisha ukaiingiza walikoketi abiria. Na mwaka 1939 ikaongeza kidude cha kusimamia kiasi cha joto, ikauita mtambo wake Weather Eye. Motakaa tunazoziona leo zafuata mpango ule ule kwa sehemu kubwa.

Motakaa nyingi za Afrika Mashariki zilitumika kwanza Japani, nchi ambayo kisiwa chake cha Hokkaido hufunikwa na theluji kila mwaka, kwa hiyo hita zake hazikufanywa kwa mchezo. Tutatoa mfano wa Toyota Corolla ya zamani kidogo, ile ambayo kasi ya feni hubadilishwa kwa kitufe cha kuzungusha, kwa kuwa motakaa hizo ni nyingi na mpangilio wake wafanana na wa nyingine nyingi za Japani. Usukani wake uko kulia, na blowa iko kushoto, nyuma ya kile kisanduku chenye mlango kilicho mbele ya magoti ya abiria.

Yafaa tuufuate umeme katika safari yake, maana asiyejua njia hawezi kujua mahali ilipokatika. Umeme hutoka katika betri yenye volti 12, hupita katika fyuzi ya hita, kisha katika rilei, ambayo ni swichi inayofungwa na kufunguliwa na sumaku ya umeme. Kutoka hapo hufika kwenye mota. Katika motakaa nyingi za Japani umeme ukishatoka kwenye mota hurudi kwa kupitia rezista na swichi ya kasi, kisha huingia katika bodi ya motakaa na hivyo kurejea kwenye betri. Mahali pamoja tu pakikatika katika mzunguko huo, feni husimama, kama vile maji ya mfereji yanavyokoma ingawa chemchemi haijakauka.

Katika hao wote, rezista ndiyo isiyojulikana sana, nayo ndiyo yenye mengi ya kusimulia. Ni kipande kidogo chenye nyaya zilizosokotwa mfano wa springi, au chenye bamba jembamba la udongo mgumu. Kazi yake ni kuuzuia umeme kidogo ili feni izunguke polepole. Mtu akiweka kitufe kwenye kasi ya kwanza, umeme hupita katika nyaya zote za rezista. Kwenye ya pili hupita katika baadhi tu. Na kwenye kasi ya mwisho hauipiti kabisa, bali huenda moja kwa moja. Umeme unaozuiliwa haupotei hivi hivi, hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana waundaji huiweka rezista ndani ya njia ya hewa, ili upepo wa feni yenyewe uipoze. Basi msomaji ashike neno hili, maana tutalirudia: rezista hutegemea upepo wa mota, na mota ikidhoofika, rezista huungua.

Kabla ya kufungua chochote, tuketi kwanza katika kiti cha dereva tujaribu kasi zote, moja baada ya moja, tukisikiliza. Feni ikiwa haizunguki ila kwenye kasi ya mwisho tu, karibu hapana shaka rezista imeungua, maana tumeona ya kwamba kasi ya mwisho haiihitaji. Ikiwa haizunguki kabisa kwa kasi yoyote, tutafute fyuzi, rilei, soketi au mota yenyewe. Ikiwa haizunguki mpaka mtu apige kofi chini ya dashibodi, ndipo ianze kwa kusitasita, brashi za mota zimekwisha. Ikilia kama ndege, bushi yake imekauka mafuta. Ikigonga na kuchakarisha, mara nyingi ni majani makavu yaliyoingia kutoka penye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, hasa kwa mtu alazaye motakaa yake chini ya mti. Na mara nyingine ni kiota cha panya.

Motakaa zinazochagua joto zenyewe, zile zenye tarakimu za digrii kwenye dashibodi, mara nyingi hazina rezista ya namna hii, bali zina kipande cha elektroniki kinachoongoza kasi. Maelezo yetu ya mota na fyuzi yazifaa hizo pia, lakini ile dalili ya kasi ya mwisho haitegemewi kwao.

Vyombo vinavyohitajika si vingi: bisibisi ya nyota, spana ndogo ya boksi, koleo, kipande cha msasa laini, na taa ya kupimia umeme, yaani taa ndogo ya volti 12 iliyofungwa nyaya mbili. Mtu aweza kuifanya taa hiyo mwenyewe kwa balbu ya motakaa na nyaya za urefu wa mkono.

Tuanze na fyuzi. Katika Corolla fyuzi ya hita ni kubwa, aghalabu ya ampea 30 au 40, na mahali pake huonyeshwa katika mchoro ulio ndani ya kifuniko cha kisanduku cha fyuzi. Feni kwenye kasi ya juu hula kama ampea 15, na 15 mara volti 12 ni wati 180, sawa na balbu tatu za zamani za wati 60 zikiwaka pamoja. Huo si umeme mdogo kwa waya mwembamba. Fyuzi ikiwa imekatika, iko sababu iliyoikata. Tuweke nyingine ya nambari ile ile. Ikikatika tena, tusiweke ya tatu, bali tuitafute sababu.

Hapa twaomba radhi kwa kusema kwa ukali kidogo. Liko jambo tunaloliona mara kwa mara, nalo ni mtu kuitoa fyuzi iliyokatika na kuchomeka badala yake kipande cha waya wa shaba, au karatasi ya bati ya pakiti ya sigara, au fyuzi yenye nambari kubwa zaidi. Feni huzunguka, naye husema kazi imekwisha. Kumbe fyuzi ni kitu dhaifu kilichowekwa makusudi kife mahali pa kingine. Ikiondolewa, kitakachofuata kuungua ni ngozi ya waya ulio nyuma ya dashibodi, katikati ya plastiki na sponji, mahali ambapo mkono haufiki. Moshi ukianza hapo motakaa ikiwa mwendoni, dereva hana nafasi ila kusimama na kuwatoa watu. Ni afadhali motakaa ikae wiki nzima bila hita.

Fyuzi ikiwa nzima, tuifikie mota. Kabla ya kufungua kisanduku tuondoe waya wa negativu kwenye betri, tungoje dakika mbili tatu. Sababu ya kungoja ni kwamba juu ya kisanduku hicho, katika motakaa nyingi, uko mfuko wa hewa wa kumlinda abiria wakati wa ajali, nao hulipuka kwa umeme uliobaki akibani. Nyaya zake hutambulikana kwa soketi za rangi ya manjano. Hizo tusiziguse wala kuzipima kwa taa yetu. Kwa motakaa nyingine redio huomba nambari ya siri baada ya betri kutolewa. Asiye na nambari hiyo na aitafute kwanza.

Kisanduku hutoka kwa kubana mbavu zake mbili ndani, au kwa kufungua parafujo chache. Nyuma yake twaona ngoma ya plastiki nyeusi; chini ya ngoma hiyo yatokea mgongo wa mota, umeshikwa aghalabu na parafujo tatu, na soketi yenye nyaya mbili imechomekwa kwake. Karibu yake, juu ya mfereji wa hewa, iko rezista, nayo imeshikwa kwa parafujo mbili.

Tuchomoe soketi ya mota, tuitazame kwa makini. Ikiwa plastiki yake imegeuka rangi ya kahawia, au imeyeyuka, tumepata ugonjwa mmoja. Kiungo kilicholegea huleta joto, joto hukilegeza zaidi, na mwisho umeme haupiti. Soketi ya namna hiyo haifai kukwanguliwa na kurudishwa. Ikatwe, na mpya iungwe kwa lehemu na kufungwa vizuri.

Sasa turudishe waya wa betri kwa muda, tuwashe ufunguo bila kuwasha injini, tuweke kitufe kwenye kasi ya mwisho. Waya mmoja wa taa yetu tuugusishe kwenye chuma safi cha bodi, na wa pili tuuingize katika tundu moja la soketi ya mota, kisha katika la pili. Taa isipowaka katika tundu lolote, umeme haufiki kabisa, na kosa liko nyuma, kwenye rilei au waya. Rilei hujaribiwa kwa urahisi: kisanduku cha fyuzi mara nyingi kina nyingine ya umbo na nambari ile ile, ambayo yaweza kuazimwa kwa dakika moja. Taa ikiwaka katika tundu moja, tufanye jaribio la pili: nyaya zote mbili za taa tuziingize katika matundu yote mawili, moja huku na moja huku. Ikiwaka hivyo, mzunguko ni mzima na mota ndiyo mgonjwa. Isipowaka, njia ya kurudi imekatika, na kwa kuwa tuko kwenye kasi ya mwisho, shaka iangukie swichi au waya wa bodi, si rezista. Jaribio hili la dakika tano humwepusha mtu na kununua mota mpya asiyoihitaji.

Tuondoe tena waya wa betri, tuiteremshe mota. Iko pia bomba ndogo ya mpira iletayo hewa ya kuipoza mota. Tukumbuke ilivyokaa, maana ikisahauliwa wakati wa kurudisha, mota hupata moto na kufa kabla ya wakati wake. Mota hutoka pamoja na gurudumu la feni lenye mapezi mengi membamba. Kwenye baadhi ya mapezi huenda tukaona vipande vidogo vya bati vilivyobanwa. Visiondolewe. Viliwekwa kiwandani ili gurudumu lisitetemeke, kama vile tairi inavyowekewa vipande vya risasi.

Kabla ya kuifungua tuizungushe kwa kidole. Mota njema huendelea kidogo baada ya kidole kuachwa. Ikisimama mara moja kama iliyoshikwa na gundi, bushi ni kavu au kuna kutu. Kisha twaweza kuijaribu kwa betri, lakini kwa hadhari: tuifunge imara, maana huruka inapoanza, waya mmoja upitie fyuzi, na muungo wa mwisho, ule utoao cheche, ufanywe kwenye mota, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi ishikayo moto. Ikizunguka kinyumenyume si kosa, ni kwamba nyaya zimebadilishana.

Ndani ya mota mambo ni machache. Mhimili una nyaya zilizozungushwa, na mwisho wake una pete ya shaba iliyokatwa vipande vipande, iitwayo komyuteta. Juu ya pete hiyo hukaa vipande viwili au zaidi vya makaa magumu, ndizo brashi, vikisukumwa na springi. Makaa hupitisha umeme huku yakisuguliwa, nayo huisha kidogo kidogo kama chaki ubaoni. Yakiwa mafupi mno springi haiwezi tena kuyabana juu ya shaba, ndiyo maana mota huzunguka ikipigwa kofi: lile kofi huyagusisha kwa bahati.

Mota nyingine zimefungwa kwa parafujo, nyingine kwa masikio ya bati yaliyokunjwa, ambayo huinuliwa taratibu kwa bisibisi bapa. Masikio hayo hayapendi kukunjwa mara nyingi. Mara mbili tatu yatakatika. Tukiwa ndani, tupangushe vumbi jeusi kwa brashi kavu, tuisafishe komyuteta kwa msasa laini tukizungusha mhimili, kisha tupitishe kijiti katika mifereji iliyo kati ya vipande vya shaba, ili unga usiunganishe kimoja na kingine. Tusitumie ule msasa mweusi wa kitambaa wa kung'arishia vyuma, kwa kuwa unga wake waweza kupitisha umeme.

Brashi mpya huuzwa katika maduka ya vipuri vya umeme. Zisipopatikana za kipimo kile kile, mafundi wetu huchukua kubwa zaidi na kuzisugua kwa msasa mpaka ziingie. Ni kazi ya subira, tena ni kazi nzuri. Ila zichaguliwe kutoka mota ya namna moja na hii. Brashi za starta zina shaba nyingi ndani yake, kwa kuwa starta hula umeme mwingi kwa sekunde chache, hali blowa huzunguka saa nzima. Brashi ikishaingia sharti iteleze huku na huku bila kukwama, na waya wake uungwe kwa lehemu.

Bushi tuitie tone moja au mawili ya mafuta mepesi ya mashine. Wengi hukosa hapa kwa ukarimu. Mafuta yakizidi hutiririka mpaka kwenye brashi, yakachanganyika na unga wa makaa, yakawa tope. Grisi nzito haifai, na mafuta ya kupikia huganda kama gundi baada ya majuma machache. Bushi ikiwa imeliwa hata mhimili unacheza upande huu na huu, mafuta hayatasaidia. Hapo ni mota nyingine.

Turudi sasa kwenye rezista, kama tulivyoahidi. Mtu anaona kwamba kasi ya kwanza, ya pili na ya tatu zimekufa, ya mwisho yazunguka. Anakwenda dukani, ananunua rezista, anaifunga kwa parafujo mbili, kasi zote zinarudi, anafurahi. Baada ya miezi miwili zimekufa tena, naye anamlaumu mwenye duka kwamba ameuziwa mali mbovu. Pengine mali ilikuwa mbovu kweli, lakini mara nyingi kosa liko kwenye mota. Mota iliyokauka bushi huzunguka kwa taabu, na itaabikapo huvuta umeme mwingi zaidi. Umeme huo wote hupita katika rezista na kuipasha moto kupita kiasi. Wakati huo huo, kwa kuwa feni yazunguka polepole, upepo wa kuipoza rezista umepungua. Inapigwa kutoka pande mbili. Rezista nyingi zina kiungo kidogo kinachoyeyuka joto likizidi, mfano wa fyuzi, nacho ndicho kinachokatika. Wako watu wanaokiruka kiungo hicho kwa kipande cha waya. Nao hao ni ndugu wa yule mwenye waya wa shaba mahali pa fyuzi. Kwa hiyo kila rezista ikiungua, mota nayo iteremshwe na kuzungushwa kwa kidole kabla ya mpya kufungwa.

Kizuizi kingine cha upepo ni chujio. Motakaa nyingi zina chujio la karatasi nyuma ya kisanduku kile kile, nalo huvuta vumbi la barabara za udongo hata likawa kama blanketi. Tumeona machujio yaliyojaa majani, manyoya na mbegu, na mwenye motakaa alikuwa hajui kama lipo. Huchomolewa kwa mkono, bila spana. Likiwa jeusi na zito, libadilishwe. Kulipiga-piga chini huondoa majani tu.

Kabla ya kurudisha vitu tuangalie zulia la upande wa abiria. Likiwa limelowa maji yenye harufu ya utamu, na kioo kina utando wa kunata, si kazi ya feni tena: rejeta ndogo ya hita inavuja. Maji hayo yana dawa ya kuzuia kuganda, nayo ni sumu kwa watoto na mbwa ijapokuwa ni tamu. Wala kifuniko cha rejeta kubwa kisifunguliwe injini ikiwa moto. Kazi hiyo huhitaji dashibodi kuteremshwa, na twashauri apewe fundi.

Na mtu ambaye blowa imemfia njiani, ukungu umetanda, na nyumbani ni mbali, afanye nini? Afungue madirisha ya pande mbili kidogo, ingawa baridi itaingia, ili hewa ya ndani ilingane na ya nje. Aelekeze matundu ya hewa kwenye kioo, maana motakaa ikienda, upepo wa mwendo huingia kidogo hata pasipo feni. Awe na kitambaa kikavu, si kiganja. Kioo kikiziba hata hivyo, aegeshe mahali pa salama nje ya barabara mpaka kupambazuke. Viazi havitaoza kwa saa mbili.

Tukishamaliza, turudishe mota na bomba yake ya mpira, tufunge parafujo zake tatu kwa zamu, kidogo kidogo, ili ngoma isikae upande. Turudishe waya wa betri, tujaribu kila kasi kwa dakika kadhaa, na baada ya dakika kumi za kasi ya juu tuiguse soketi kwa nyuma: ikiwa vuguvugu ni sawa, ikiwa yaunguza kidole kiungo bado ni kibovu. Kisha tuwashe injini mpaka ipate joto. Tusukume kile kitufe cha hewa kwenye upande wa hewa ya nje, maana mtu akizungusha hewa ya ndani peke yake, pumzi za abiria hubaki ndani na kioo huzidi kuziba. Kama kiyoyozi kipo, nacho kiwashwe pamoja na joto. Wengi hushangaa kusikia hivyo, lakini kiyoyozi hukausha hewa, na hita huipasha. Tuelekeze yote kwenye kioo cha mbele. Utando mweupe utaanza kuondoka chini, palipo na matundu, na kupanda juu polepole, mpaka barabara ionekane yote.